Shati Ndani ya Ukuta

Mama yangu alikuwa anakufa kwa kukosa kaburi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba niliwahi kujenga picha kwenye ukuta wa mama, huwa wanadhani nilikuwa napamba nyumba. Sikuwa napamba kitu. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alizama katika Ziwa Nyasa mwezi wa kwanza, na mpaka mwezi wa tatu unaingia ziwa lilikuwa halijamrudisha. Mama alikuwa bado kwenye mkeka uleule alioukalia siku ya habari, na chakula hataki.

Kwetu Mbuji, huko juu milimani, msiba una mwisho wake. Mtu anafukiwa, siku zinapita, majivu ya moto wa matanga yanazolewa, nyumba inafagiwa, halafu mfiwa anakabidhiwa jembe aende shambani, hata kama ni kukwatua hatua mbili tu. Akirudi na udongo miguuni, basi, yumo tena kati ya watu. Akina mama wa jumuiya walikuja na mifagio yao. Mama akawauliza, "Mnafagia nini? Mmemfukia nani?" Wakatazamana, wakaondoka na mifagio yao.

Baba mdogo alikuja na ushauri wa zamani: ukatwe mgomba, uviringishiwe sanda, uzikwe kwa jina la marehemu. Alieleza vizuri, kwa upole, mikono ikiwa magotini. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "mimi sikuzaa mgomba."

Padri naye alisoma misa ya marehemu. Mama alikwenda akishikwa mkono, akapiga magoti, akamshukuru padri, akarudi mkekani kwake. Dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimhudumia, alinitumia maneno mjini Mbinga kupitia mtu wa lori la mahindi: "Mwambie kaka aje. Siku hizi mama nikimwogesha namnyanyua kwa mkono mmoja." Mama yule! Mwanamke aliyeshuka mlima na mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na bado akawa na pumzi ya kugombana na jirani njiani.

Mimi mjini nilikuwa na kazi tele. Nitasema ukweli ingawa unaniuma: miaka ile iliyowakausha wenzangu, mimi ilininenepesha. Ushirika ulipoyumba na serikali ikaruhusu wanunuzi binafsi wa kahawa, kila mnunuzi alifika na mizani yake na akataka ukuta wake usomeke tangu barabarani. Maduka ya mitumba yakaota, baa zikaota. Kufa kufaana. Nilianza na brashi na rangi kama mafundi wote wa mabango, ila nikachoka na vitu bapa. Nikaanza kutoa vitu nje ya ukuta. Nasuka waya, nashonea gunia, napiga saruji, nabandika punje za kahawa, vizibo vya soda, vipande vya debe vilivyopondwa, mpaka tawi la kahawa linachomoza ukutani na unaweza kulitundikia kofia. Mwenye baa mmoja nilimtengenezea chungu cha pombe kilichotuna hata walevi wakawa wanakipapasa wakipita. "Fundi," aliniambia, "hawa sasa wanautongoza ukuta wangu." Nilicheka sana. Nilikuwa mtu wa kujisikia, sikatai.

Mdogo wangu alinikuta kwenye kazi ya namna hiyo, mwaka mmoja kabla hajafa. Nilikuwa juu ya ngazi kwenye ghala la mnunuzi mmoja. Mibuni ya marehemu baba, ambayo yeye ndiye aliyebaki nayo kwa kuwa mimi nilikimbilia mji, ilikuwa imeshikwa na ugonjwa wa chulebuni. Matunda yanakauka na kuwa meusi kabla hayajaiva. Zamani ushirika ulikuwa unatoa dawa na mbolea, sasa hautoi hata salamu. Alitaka tukae chini tuzungumze. Mimi sikushuka. Nilimjibu huku napiga saruji.

"Kahawa imekufa, bwana mdogo. Shuka ziwani ukachuuze. Watu wote wenye akili wako ziwani."

Alisimama pale kidogo akiangalia lile tawi langu la saruji. "Kaka," akasema, "hili umelifanya zuri kuliko yaliyobaki shambani." Akaondoka, na kweli akashuka ziwani. Akawa anateremsha mahindi na maharage, anapandisha usipa, wale dagaa wa ziwa letu, wakavu. Mpaka siku ile alipovuka ghuba kwenye mtumbwi wenye mzigo mzito, mvua na upepo vikamkuta katikati.

Lile neno langu la juu ya ngazi sikumwambia mtu yeyote. Kuna msemo kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Huu nilimtakia mwenzangu, na kilio chake sikujua nikitolee wapi.

Nilikuwa nimeshuka ziwani mwenyewe siku za mwanzo. Watu wa kule walinihurumia kweli, walitafuta kwa mitumbwi yao mpaka wakaishiwa nguvu. Mama mmoja muuza usipa ndiye aliyeniambia wazi wakati wengine wananionea haya: "Baba, ziwa lingekuwa linamtoa lingeshamtoa. Nenda nyumbani kwa mama yako." Wakanipa vilivyopatikana. Nusu ya kafi. Dumu la njano lililokatwa, la kutolea maji mtumbwini. Kipande cha wavu. Na shati lake la mtumba, la bluu, ambalo siku ile hakulivaa; kwa kuwa alilipenda, alikuwa ameliacha limekunjwa chumbani alikopanga. Vitu hivyo nilikaa navyo mjini, chini ya kitanda, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumfikishia mama.

Ujumbe wa dada uliponifikia, niliacha ukuta wa mtu nusu, nikapanda mlima na vitu vyangu vinne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umemleta?"

Ninyi mngejibu nini? Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko nikilia kwa hasira, nikipiga ule ukuta wa jiko kwa ngumi mpaka dada akaja kunishika. Mama alikuwa amebaki macho na mifupa. Uji alikuwa anakunywa vijiko vitatu, cha nne anageuza uso. Niliogopa vibaya. Nilimwangalia nikajua kwamba mwezi wa tano hatauona.

Ndipo nikasema, kama kaburi ndilo analotaka, basi mimi fundi nitamtengenezea pahali pa kumtazama mwanawe. Nilichagua ukuta wa sebuleni unaoelekea mkeka wake, ukuta wa tofali za kuchoma ambao haukuwahi kupigwa lipu. Nikamweleza. Akavuta khanga kichwani.

Nilianza na uso wake, na hapo ndipo nilipopotea mwanzo. Nilifinyanga udongo wa mfinyanzi siku mbili, nikaweka nyusi za katani, macho ya mbegu, nikaubandika ukutani. Mama akautazama mara moja tu. "Huyo siye," akasema. Nikarekebisha taya. "Siye." Nikarekebisha paji la uso, nikakonda kwa kurekebisha. "Mwanangu," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwenzake, "unanitengenezea mnunuzi wa kahawa." Nilikibandua kile kichwa nikakipeleka bondeni nikakiponda kwa jiwe.

Basi nikaacha uso, nikaamua kutumia vitu vyake na shamba lake. Kwa wasiojua, kwetu tunalima ngoro. Mlima ni mkali, mvua ingeusomba wote, kwa hiyo nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa miraba mlima mzima, halafu udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi. Panabaki shimo la kutuliza maji, na kingo zilizofukiwa zinapandwa maharage. Tulipokuwa watoto, baba alifyeka na kulaza, mama alikuja nyuma yake na jembe anafukia, na sisi tulimfuata mama na bakuli la maharage. Nilitaka ukuta ule uwe ngoro iliyosimama, na shati la mdogo wangu liwe katikati yake.

Nilipigilia vigingi, nikafunga fito za mianzi iliyopasuliwa, juu yake nikashonea magunia ya kahawa ya zamani yaliyokuwa darini. Nikaenda kwenye shamba lake mwenyewe nikafyeka nyasi zilizokuwa zimeota kati ya mibuni yake, nikazilaza kwa miraba juu ya magunia, nikazifunga kwa katani. Kafi nikaliweka mlalo, pale ambapo mkono ungekuwa. Dumu nikalikata vipande vyembamba, nikavikunja vikawa samaki wadogo wa njano, nikawanasisha kwenye ule wavu wakining'inia mbele ya ukuta kiasi cha kiganja. Shati nikalilowesha kwenye uji mzito wa muhogo, nikalijaza maganda ya kahawa, nikalisimamisha. Lilipokauka lilikaa na kifua, na mabega, na mkono mmoja umeinuka kidogo, kama alivyokuwa akiinua akitaka kukukatiza maneno.

Sitajidai kwamba sikulipenda. Ile ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya maishani, na nilijua hivyo wakati naifanya. Jioni moja dada alirudi kutoka shambani, akaweka jembe mlangoni, akakutana na lile shati, akarudi nyuma hatua. "Yesu na Maria!" akasema. "Kaka, umemfanyaje?" Akakaa chini akalia. Mama hakulia. Mama alikuwa anatazama zile nyasi.

Kilichobaki kilikuwa udongo wa kufunika nyasi, ili miraba ionekane imefukiwa na shati litokeze katikati. Nikabeba udongo wa shambani kwake kwa debe, nikakanda, nikaupiga kwa mwiko kama ninavyopiga saruji, nikaulainisha vizuri kama ukuta wa benki. Asubuhi yake tukasikia kishindo. Robo nzima ilikuwa sakafuni. Nikachanganya na majivu, nikapiga upya. Siku ya pili ukabanduka tena, safari hii na samaki watatu wakiwamo. Nikachanganya na mavi ya ng'ombe, nikaomba saruji kidogo kwa fundi wa kanisa, nikapiga, nikaketi mbele yake nikiulinda kama mgonjwa. Wakati huo mama vijiko vimekuwa viwili. Dada ananitazama kwa jicho la kuniuliza, "Hii michezo yako itaisha lini?" kisha anakwenda shambani peke yake kulima sehemu yake na ya mama. Mlima mzima watu walikuwa wanafukia ngoro, unasikia majembe na vicheko huku na huku, na nyumba yetu iko kimya.

Udongo ulianguka mara ya tatu mchana, nikiwa naukodolea macho. Ulianza juu, ukavimba, ukajivua kutoka kwenye nyasi taratibu, na uliposhuka ukalikamata shati kwenye mkono uliokuwa umeinuka, ukauvunja. Maganda ya kahawa yakamwagika sakafuni, yakafika hadi kwenye mkeka wa mama.

Mimi ni mtu wa hasira, na siku hiyo hasira ilinitoa utu. Nilirusha mwiko ukagonga mlango. Nikamgeukia mama, mama yangu mzazi, nikampigia kelele.

"Basi kufa! Si ndicho unachotaka? Kufa, angalau wewe nitakuona nikuzike! Unafikiri unamlilia peke yako? Ni mimi niliyemtuma ziwani! Mimi! Alinifuata tuzungumze, sikushuka hata ngazi. Nilimwambia kahawa imekufa, shuka ziwani!"

Dada alikuwa amefika mlangoni na debe la maji kichwani. Alisimama hivyohivyo, hakulitua. Mimi nikakaa juu ya ule udongo ulioanguka. Nilisubiri laana. Kwetu mzazi akikulaani kwenye msiba, huna pa kukimbilia.

"Najua," mama akasema. "Aliniambia jioni ileile. Alisema, kaka ana kazi nyingi, tusimlaumu."

Sijui nililia kwa muda gani. Najua tu kwamba nilipoinua kichwa mama alikuwa ameshika ukuta, anainuka. Miguu ilikuwa inamtetemeka kama ya ndama. Dada akatua debe haraka amshike, mama akamsukuma mkono. Akafika kwenye ule ukuta wangu akaingiza vidole kati ya nyasi, akavuta moja, akainusa.

"Nyasi umezilaza vizuri," akasema. "Umelaza kama baba yako. Lakini nani alikwambia ufukie?"

Nikajifuta uso kwa kiganja chenye udongo.

"Mwanaume analaza. Umeona wapi mwanaume akafukia ngoro hapa Mbuji? Unaupaka udongo juujuu kama unamsiliba mtu mafuta. Nyasi hazijashiba, utashikaje?" Akamgeukia dada. "Lete maji. Na ule udongo wake wenye saruji utoe nje, niletee udongo mtupu."

Mungu wangu, wiki tisa wasomi wa msiba wameshindwa, padri ameshindwa, na mama kasimamishwa na udongo uliopigwa vibaya! Wewe cheka, mimi mwenyewe nilitaka kucheka. Alikunja khanga kiunoni. Alilowesha nyasi kwa kiganja, mraba mmoja mmoja, akianzia chini kabisa, si juu kama nilivyofanya mimi. Halafu akachukua udongo kwa mikono miwili, akautupa kwa nguvu uingie ndani ya nyasi, akaugandamiza kwa kisigino cha kiganja. Anapumzika. Anaegemea ukuta, anahema, anachukua mwingine. Dada akaingia naye kazini bila kuambiwa. Mimi nilikuwa nakanda na kuwapokeza. Udongo ulishika. Ulishika kana kwamba haujawahi kuanguka.

Mstari wa kwanza wakamaliza, wa pili wakamaliza. Wakafika kwenye kafi. Nilingoja mama alizunguke, kama nilivyopanga, lakini hakulizunguka. Alilifukia. Akafika kwenye wavu, akaugandamiza ukutani pamoja na samaki wangu wa njano, akaufukia.

"Mama," nikasema, "hivyo viache vionekane. Hivyo ndivyo picha yenyewe."

Mama alikuwa amefika kwenye shati. Alilisimamia, uso kwa kifua, akaurudisha ule mkono uliovunjika akaulaza ubavuni. Akafunga kifungo kimoja ambacho mimi nilikiacha wazi makusudi, kwa uzuri. Kisha akainama, akachota udongo.

"Mama, tafadhali. Shati tu. Liache shati."

"Wewe umemlaza," akasema. "Umeona wapi mtu akalazwa akaachwa nje?"

Nilikuwa na mikono, ningeweza kumzuia. Alikuwa mwepesi, dada alishaniambia, mkono mmoja ungetosha. Nilikanda udongo nikampa. Alianzia kwenye pindo la shati akapanda, tumbo, kifua, mabega, na kwenye kola alikaa muda mrefu akigandamiza kwa vidole kidogo kidogo, kama anayemfunika mtoto asiamke. Kazi bora ya maisha yangu ilikuwa inamezwa mbele ya macho yangu, na nilikuwa nampa mwenyewe udongo wa kuimeza. Hakuna mtu aliyewahi kuiona ila sisi watatu. Ilipofika jioni ulikuwepo ukuta wa udongo tu, wenye uvimbe katikati.

Mama alipiga kiganja juu ya ule uvimbe mara mbili, akarudi nyuma kuutazama. Mimi nilidhani ataanguka, nikamwekea kigoda. Akakikalia. Udongo ulikuwa umemfika kwenye viwiko, na miguu yake yote miwili ilikuwa na udongo.

Dada alikuwa ameingia jikoni. Akatoka na lile bakuli la mti, lina maharage ya mbegu. Nadhani hakufikiri, tangu utoto wetu, mama akimaliza kufukia ndipo mtoto anapoleta maharage. Alishafika mbele ya kigoda, amelinyoosha bakuli kwa mikono miwili, ndipo akagundua anachofanya, akabaki hivyo, hawezi kulirudisha wala kulitoa.

Mama aliingiza mkono bakulini. Akachota maharage, akayashika kidogo, akayaangalia, akayarudisha yote.

"Rudisha, mwanangu," akasema. "Huyu haoti."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza, kwa sauti iliyowafanya watu watupe majembe mlima mzima na kuja mbio. Dada alikunja mkeka kabla hawajafika.